Mazoezi ya Wazi ya Kikapu cha Wanawake Vyuoni Marekani: Uende Lini, Ukae Wapi, Uangalie Nini

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni wanaijua timu yao kwa dakika 40 za mechi tu. Wananunua tikiti, wanashangilia, wanasoma takwimu usiku, basi. Kumbe vyuo kadhaa hufungua mazoezi kwa mashabiki siku chache kila mwaka, mara nyingi bila kiingilio, na siku hizo ukumbi huwa mtulivu kiasi kwamba unamsikia kocha akimwambia senta wake ahamishe mguu wa kushoto.

Anayekwenda kutafuta burudani atachoka mapema. Mazoezi husimamishwa kila mara, zoezi moja hurudiwa mara sita, na dakika kumi zinaweza kupita bila mtu kufunga. Anayekwenda akijua cha kutazama hupata kitu ambacho kamera za televisheni hazimpi, kwa sababu kamera hufuata mpira na mazoezini mambo makubwa hutokea mbali na mpira. Haya niliyoyaandika ni kwa ajili ya shabiki huyo wa pili.

Na kwetu sisi wa Afrika Mashariki sababu za kufuatilia zimeongezeka. Bella Murekatete wa Rwanda amechezea chuo cha Washington State. Jane Asinde wa Uganda amepitia UTEP, kule El Paso. Felmas Koranga wa Kenya alikuwa Troy. Madina Okot, aliyetokea Zetech nchini Kenya, alicheza Mississippi State kisha msimu wa 2025–26 akawa South Carolina chini ya Dawn Staley, kocha mwenye mataji ya taifa ya 2017, 2022 na 2024. Wakongomani wengi wamefanya makazi Iowa City, na ukumbi wa Carver-Hawkeye, wa Chuo Kikuu cha Iowa, uko mjini humohumo. Anayeishi karibu na chuo cha namna hii na hajawahi kuingia mazoezini anakosa kitu kizuri sana.

Uende lini

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ndizo zinazoamua kalenda, kwa hiyo zijue. Timu ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, huruhusiwa kuanza mazoezi rasmi siku 42 kabla ya mechi yake ya kwanza, na ndani ya siku hizo 42 ifanye mazoezi siku 30 tu. Msimu huanza mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo mazoezi rasmi huanza karibu na mwisho wa Septemba. Msimu ukishaanza, mchezaji hatakiwi kuzidisha saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki, wala saa 4 kwa siku. Mechi huhesabiwa saa 3 hata ikienda muda wa ziada. Na lazima apate siku moja ya mapumziko kila wiki. Wakati wa kiangazi wana wiki nane za mazoezi mepesi, saa 8 kwa wiki, na sehemu kubwa ya muda huo huishia kwenye vyuma na mbio.

Kutokana na hayo, Oktoba ndio mwezi wenyewe. Timu inajengwa, kocha anafundisha misingi kwa sauti, na hakuna mpinzani wa wiki hii wa kufichwa mipango. Ukipata nafasi mbili, chukua moja ya wiki ya kwanza na nyingine siku chache kabla ya mechi ya ufunguzi; tofauti utakayoiona kati ya siku hizo mbili ni somo tosha. Kuanzia Januari milango hufungwa karibu kila mahali, maana mazoezi ya wakati huo yanahusu mpinzani fulani na mipango ya kumkabili. Usiwalaumu makocha kwa hilo.

Tofautisha pia mazoezi na sherehe. UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, wana usiku wao wa Oktoba wa kuitambulisha timu ndani ya ukumbi wao wa Gampel Pavilion, na vyuo vingine vina sherehe za aina hiyo: muziki, mashindano ya kurusha pointi tatu, utambulisho wa wachezaji wapya. Kwa watoto ni furaha tupu, wapeleke. Ila usitegemee kuona ulinzi ukifundishwa. Mechi ya kirafiki nayo ni kitu kingine. Ile ya Iowa na DePaul iliyochezwa katika Kinnick, uwanja wa futiboli ya Kimarekani, tarehe 15 Oktoba 2023 iliingiza watu 55,646, na hakuna aliyekuwa karibu vya kutosha kusikia neno la kocha.

Neno "wazi" lenyewe lina ngazi. Kuna mazoezi ya kila mtu, kuna ya wenye tikiti za msimu, kuna ya wanachama wa klabu ya wafadhili wa timu, na kuna vyuo vidogo vya Daraja la Tatu ambako ukimwomba kocha kwa adabu anaweza kukukaribisha siku ya kawaida. Tangazo huja kwa kuchelewa, mara nyingine siku tatu tu kabla. Jiandikishe kupokea barua pepe za ofisi ya tikiti na ufuate kurasa za timu yenyewe, kwa sababu kurasa za mashabiki huendelea kusambaza saa ya zamani hata baada ya ratiba kubadilika.

Ratiba hubadilika kweli. Voliboli inacheza ukumbini jioni hiyo, timu inahamishiwa ukumbi wa mazoezi. Mchezaji ana maabara, saa inasogezwa. Kocha anaona timu imechoka, anafupisha. Piga simu asubuhi ya siku yenyewe na uulize mambo haya: ni ukumbi upi, ni mlango upi, gari liegeshwe wapi, video zinaruhusiwa au la, na kama wachezaji watatia saini baadaye. Ukishapata majibu hayo matano, mengine utayamudu.

Kufika na vitu vya kubeba

Kosa la kawaida kabisa ni maegesho. Siku ya mechi chuo hufungua maegesho yake kwa mashabiki, lakini siku ya mazoezi ni siku ya kazi, na sehemu zilezile zinahitaji kibali hadi jioni. Watu huegesha palepale walipozoea na kukuta karatasi ya faini kwenye kioo. Tumia jengo la maegesho ya wageni, ulipe dola chache, uwe na amani.

Mlango nao huwa mmoja tu, na mara nyingi si ule mkubwa wa mbele. Fika dakika 30 kabla. Dakika 20 za mwanzo ni za thamani, maana ndipo wachezaji wanapojifua wawiliwawili na makocha wasaidizi, na hapo ndipo unapomtambua nani ni nani.

Sheria ya mifuko katika kumbi nyingi ni ileile ya mechi: mfuko wa plastiki angavu usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, yaani takriban sentimita 30 kwa 15 kwa 30, au kipochi kidogo cha inchi 4.5 kwa 6.5. Beba sweta hata kama nje kuna jua. Ukumbi uliopozwa kwa ajili ya watu elfu kumi ni baridi kali mkiwa mia mbili. Vibanda vya vyakula hufungwa, kwa hiyo kula kabla. Darubini ndogo ya kukuza mara nane inafaa ukikaa juu.

Kitu kimoja ambacho karibu kila mgeni hukisahau ni orodha ya wachezaji. Ichapishe kutoka tovuti ya timu, ikiwa na picha, urefu na nafasi ya kila mmoja. Jezi za mazoezi mara nyingi hazina jina, na namba inaweza isiwe ile ya mechi. Utawatambua kwa nywele, viatu, urefu na namna ya kukimbia. Andika alama hizo pembeni ya kila jina wakati wa kupasha mwili moto. Baada ya hapo utakosa nafasi.

Rangi za jezi ndizo habari ya kwanza ya siku. Jezi nyingi za mazoezi zina pande mbili, nyeupe na rangi ya chuo, na kocha huwagawa kabla ya kuanza. Watano wenye rangi moja wanaobaki pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho huenda ndio anaowafikiria kuanza nao. Akimhamisha mmoja katikati ya mazoezi, andika dakika na nani kachukua nafasi yake. Anayevaa rangi ya pekee, kama nyekundu au njano, kwa kawaida anatoka kwenye jeraha na haruhusiwi kugongwa. Baiskeli ya mazoezi pembeni ya uwanja nayo inaeleza jambo lilelile.

Ukae wapi

Usikimbilie mstari wa mbele katikati ya uwanja. Pale utamsikia kocha vizuri, lakini ulinzi utauona kama msitu wa miguu. Ninapenda kona, safu ya kumi hadi ya kumi na tano, nyuma ya mstari wa nyuma upande ambako timu inafanya kazi ya nusu uwanja. Kutoka pale unaona mpira, mlinzi wake, na watatu walio mbali kwa mtazamo mmoja. Carver-Hawkeye inasaidia sana hapo: ukumbi umechimbwa bondeni, unaingilia juu na kushuka kuelekea uwanjani, kwa hiyo unaweza kuutazama uwanja wote kabla hujachagua kiti.

Timu ikigawanyika, walinzi wa nje, yaani wachezaji wafupi wanaocheza mbali na kikapu, wanakwenda upande mmoja na warefu upande mwingine. Chagua kundi moja, ulikamilishe. Kuhama, subiri mapumziko ya maji. Mtu anayepanda na kushuka ngazi wakati kocha anazungumza humvuruga kila aliye ukumbini.

Uangalie nini

Ubao wa matokeo siku hiyo hauhesabu pointi. Unahesabu muda wa kila kipande: dakika 6, dakika 8, dakika 12, kisha honi. Mazoezi ya Oktoba huchukua takriban saa mbili hadi mbili na nusu, na kocha msaidizi au meneja hutembea na karatasi yenye mpango mzima. Andika urefu wa kila kipande. Jumlisha baadaye na utajua kocha anawaza nini: dakika 40 za ulinzi na 15 za kurusha ni tangazo la wazi kuliko lolote atakalowaambia waandishi.

Zoezi lenye mengi ya kufundisha ni lile la wanne kwa wanne ambalo washambuliaji hawakusudii kufunga. Wanapitisha mpira tu nje ya mstari wa pointi tatu, na walinzi wanne wanahama. Shabiki asiyejua hudhani ni kupasha mwili moto. Hebu lichambue. Mlinzi wa mwenye mpira yuko karibu naye. Aliye umbali wa pasi moja ananyoosha mkono kwenye njia ya pasi hiyo. Aliye umbali wa pasi mbili anazama hadi awe na mguu mmoja ndani ya eneo la sekunde tatu, lile la mstatili mbele ya kikapu, ambalo lina upana wa futi 12, yaani mita 3.66, na anamwona mtu wake pamoja na mpira bila kugeuza shingo. Pasi ikitoka, wote wanne wanatakiwa kuhama mpira ukiwa bado hewani. Wakisubiri udakwe, wamechelewa.

Sasa acha kuangalia mpira kabisa. Chagua mlinzi mmoja aliye mbali na umfuate yeye tu kwa dakika tatu. Mchezaji wa mwaka wa kwanza utamjua: anahama hatua moja baada ya wenzake, anageuza kichwa kufuata mpira, na mtu wake anamkata mgongoni kuelekea kikapuni. Kocha atapuliza filimbi, atamrudisha palepale alipokuwa, na zoezi litaanza upya. Kurudiwa huko ndiko kunakowachosha watazamaji wengi, ilhali ndiko mazoezi yenyewe.

Kosa la pili la kuangalia liko katika kumkimbilia anayejiandaa kurusha. Tangu msimu wa 2021–22 mstari wa pointi tatu wa wanawake uko futi 22 na inchi 1¾, yaani mita 6.75, kabla ya hapo ulikuwa futi 20 na inchi 9. Mlinzi aliyezama ndani kusaidia sasa ana safari ndefu zaidi ya kurudi, na lazima aimalize ndani ya muda wa pasi moja. Anayefika akiwa amesimama wima na mwendo mkali atapitwa kwa kudunda mara moja. Anayefika vizuri hukimbia theluthi mbili za njia, kisha anafupisha hatua, anashusha nyonga na kuinua mkono mmoja juu. Sikiliza viatu: hatua fupi za mwisho zina mlio wake.

Baada ya hapo huja skrini kwa mwenye mpira, yaani mwenzake anasimama kama ukuta kumzuia mlinzi anayemfuata, na hapa sera ya kocha inajionyesha mapema kuliko katika mechi yoyote. Senta wa ulinzi anaweza kubaki chini karibu na kikapu, anaweza kujitokeza juu kumzuia mchezeshaji kwa hatua mbili kisha arudi, au walinzi wanabadilishana watu. Kanuni za vyuo hazina kosa la sekunde tatu kwa mlinzi, tofauti na WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, kwa hiyo senta mrefu anaruhusiwa kukaa ndani muda wote. Kocha mwenye senta wa namna hiyo na bado anafundisha kubadilishana anakuambia kwamba anaiamini kasi ya warefu wake, au kwamba hana imani na walinzi wake wa nje. Ni ipi kati ya hizo mbili utaijua ukiangalia nani anakemewa na kocha skrini inapofanikiwa.

Utawaona pia vijana wa kiume uwanjani, na wageni hushangaa. Timu nyingi kubwa za wanawake hufanya mazoezi dhidi ya kikosi cha wanaume, na desturi hii ni ya zamani. Pat Summitt, aliyekuwa kocha wa Tennessee, ni miongoni mwa walioieneza. Sababu ni hesabu. Kikosi kina wachezaji 12 hadi 15. Watatu wakiwa na majeraha na mmoja akiwa na mtihani, wa kupambana watano kwa watano kwa saa mbili hawatoshi, na waliopo watachakaa kabla ya Desemba. Vijana hao wanatoa urefu, kasi na miili mipya, na wakati wa msimu wanajifunza mipango ya mpinzani ajaye ili waiigize. Ni lazima wawe wanafunzi wa chuo hichohicho, na hawapewi udhamini wa masomo kwa kazi hiyo. Usiwapime kwa mabavu yao. Wapime wachezaji wenu kwa namna wanavyotatua tatizo ambalo mabavu hayawezi kulitatua: mguu wa kuzungukia, bega la kumzuia mtu kabla ya rebaundi, pasi inayotoka mapema.

Mameneja wenye mito mikubwa ya povu chini ya kikapu wana kazi maalumu. Wanamgonga senta anapopanda kufunga ili azoee kumaliza akiwa anasukumwa. Angalia kama macho yake yanabaki kwenye ubao au yanamtafuta anayemgonga. Hili la macho ni jambo dogo ambalo hutabiri mengi.

Kuelekea mwisho, kocha huweka saa na matokeo ya kubuni: tuko nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde 14, tuna muda mmoja wa mapumziko. Hapa mchezo wa wanawake una kanuni yake nzuri. Katika sekunde 59.9 za mwisho za robo ya nne na za muda wa ziada, timu ikiita mapumziko inaweza kuusogeza mpira hadi upande wa mashambulizi na kuurusha ndani kutoka pembeni. Timu za wanaume za vyuo hazina hiyo. Kwa sababu hiyo timu za wanawake hutumia muda mwingi kwenye kurusha mpira kutoka pembeni, na makosa yake huwa yaleyale: mrushaji anamtazama anayempa mpira tangu mwanzo, skrini inawekwa nusu sekunde mapema, au mkataji anaondoka kabla skrini haijasimama. Sekunde tano za mrushaji zinaisha. Hesabu nawe kwa sauti ya chini.

Sikiliza pia idadi ya faulo anazotangaza kocha. Faulo ya tano ya timu ndani ya robo inampa mpinzani mitupo miwili huru, na hesabu inaanza upya kila robo. "Tuna nne, dakika tatu zimebaki" ni zoezi la kulinda bila mikono, na wengi hushindwa wakishachoka.

Hesabu za kuandika na za kuziacha

Daftari dogo linatosha. Usihesabu mitupo isiyo na mlinzi. Mchezaji akifunga 8 kati ya 10 huku mashine inamrudishia mpira, umejifunza kwamba mkono wake ni wa chuo kikuu, na hilo ulilijua. Mitupo kumi ni michache mno kwa kutoa hukumu yoyote, na mashabiki wameshatangaza nyota wengi kwa ushahidi wa namna hiyo. Mitupo huru ya baada ya mbio ni jambo jingine: mapigo yako juu, miguu imeisha, wenzake watakimbia akikosa. Iandike hiyo.

Kwa watano kwa watano, weka safu tatu mbele ya kila jina: mipira aliyopoteza, mara alizomzuia mtu wake kwa mwili mtupo ulipokwenda juu, na mara alizozungumza katika ulinzi. Safu ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi. Mtu anayetaja skrini kabla haijafika anawaokoa wenzake, na takwimu za mechi hazina pa kumwandika. Mara nyingi huyo hupewa dakika nyingi Novemba kuliko walivyotarajia waliosoma takwimu peke yake.

Adabu ambayo haibandikwi mlangoni

Usirekodi mipango ya mashambulizi, hata kama hakuna aliyekukataza. NCAA inawazuia makocha kwenda kumtazama ana kwa ana mpinzani watakayekutana naye msimu huohuo, kwa hiyo wanategemea video, na kipande chako cha sekunde 30 kinaweza kuwapa kile ambacho wasingekipata. Chuo kikiona video ya namna hiyo imesambaa, mazoezi yanayofuata yanafungwa kwa wote. Picha za kupasha mwili moto kwa kawaida hazina shida, bila mwanga wa kamera.

Habari za majeraha nazo ziache ukumbini. Mchezaji akianguka na kushika goti, weka simu mfukoni. Ni binti wa miaka kumi na tisa, na wazazi wake huenda hawajaambiwa. Zaidi ya hapo, watu wa kamari wanazitafuta habari hizo kwa udi na uvumba, na wachezaji wenyewe pamoja na wafanyakazi wa timu wamekatazwa na NCAA kuwapa. Ukiandika mtandaoni nani kachechemea, umewafanyia kazi yao, na matusi ya waliopoteza fedha yatamrudia yeye.

Ukiona wasichana wa sekondari wameketi nyuma ya benchi na wazazi wao, hao ni wanaotazamwa kusajiliwa. Usiwasogelee, usiwapige picha, usiwashawishi waje. Kanuni za usajili zinamhesabu shabiki anayefadhili timu kama mtu wa chuo, na mazungumzo ya wema yanaweza kuwaletea makocha maswali.

Ukimya ni wakati kocha anazungumza. Makofi ni wakati timu inakusanyika katikati au ikimaliza kipande kwa ushindi. Maelekezo kutoka jukwaani hayahitajiki wakati wowote.

Saini

Kama zimetangazwa, kawaida wachezaji wanatoa dakika 15 au 20 mwishoni. Jipange kwenye kona iliyo karibu na njia ya kuingilia vyumbani, watoto mbele. Beba kitu kimoja kilicho bapa na kigumu, kama kadi nene au bango dogo. Mpira unazunguka mkononi na wino hauingii vizuri kwenye ngozi yake yenye vipele, isipokuwa ile mipira yenye paneli nyeupe laini. Kalamu nyeusi ya wino wa kudumu kwa vitu vyeupe, ya fedha kwa vyeusi, na uifungue kabla hajafika. Acha wino ukauke dakika moja kabla ya kukunja chochote. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuingiza kipato kwa jina na picha yao, kwa hiyo wapo watu wanaokuja kusainiwa rundo la kadi za kwenda kuuza. Omba mchezaji aandike jina la mwanao juu ya saini. Anafurahi, kwa sababu anajua hiyo haiendi sokoni. Usiombe viatu wala jezi, ni mali ya chuo. Na usiwape chakula, hata ulichokipika kwa mikono yako: wachezaji wanapimwa dawa, wengine wana mzio, na wafanyakazi watalazimika kukitupa.

Mazoezi ya Machi na Aprili

Kwenye mashindano ya taifa, raundi mbili za kwanza huchezwa nyumbani kwa timu 16 zilizopangwa juu, na mwisho wake ni Fainali Nne: nusu fainali Ijumaa, fainali Jumapili. NCAA imekuwa ikiwafungulia mashabiki mazoezi wakati wa Fainali Nne bila kiingilio. Nenda, lakini ujue unachokwenda kuona. Muda wa kila timu ni mfupi, kamera ziko kila upande, na kocha mwenye akili haonyeshi mpango wa kesho mbele ya maelfu. Kazi halisi imefanyika faraghani. Kinachobaki ni kurusha, kuzoea rimu na mandhari ya nyuma ya kikapu katika ukumbi mgeni, na hilo la mwisho linafaa kuangaliwa kwa makini: ona nani anakosa kwa ufupi mara tatu mfululizo kutoka kona ileile, na kama kocha msaidizi anamhamisha. Fainali Nne ya 2027 imepangiwa Columbus, Ohio, na ya 2028 Indianapolis, miji miwili isiyo mbali na jamaa zetu wengi wa Kentucky na Ohio. Hoteli zinajaa mapema sana. Aliye na ndugu wa kumfikia aanze kumpigia simu sasa.